Kilomita za Ghorofa

Bi Spana alisonya hata kabla gari halijaingia gereji. Alikuwa ameinamia injini ya lori la mikate, wala hakuhitaji kuinua kichwa kujua nani anakuja. Matairi yale yalikuwa yakinguruma kwenye lami tangu kona ya mbali, mngurumo wa kukera ambao katika mji mzima ulikuwa wa pikapu moja tu. Watu waliiita Ghorofa.

Hapo zamani ilikuwa pikapu yenye heshima zake, nyeupe, ya kubebea mabomba na saruji. Kisha mwenyewe, mkandarasi wa kuchimba visima, akapandwa na kichaa cha kutaka kuonekana. Akataka iinuliwe. Akataka matairi makubwa yenye meno, yanayomfika mtu mzima kiunoni. Akataka bampa la chuma la kugongea tembo, ingawa tembo wa karibu yuko kwenye picha, na keria juu ya paa yenye taa sita ambazo hazijawahi kuwashwa. Vita vyote hivyo alijiandaa kupigana na barabara ya lami, maana njia yake nzima ya kazini ni lami, isipokuwa mita mia mbili za mwisho.

Kilichomchefua zaidi Bi Spana ni kwamba aliyezifunga takataka zile ni yeye. Gereji yake, jeki yake, mikono yake hii hii. Fundi hachagui kazi, alijiambia siku ile, akafunga nati moja baada ya nyingine huku amekunja uso mithili ya mtu anayeosha choo cha jirani.

Ghorofa ikasimama. Mlango ukafunguka, na miguu mifupi ya mkandarasi ikaning'inia hewani ikitafuta ardhi, mpaka akaamua kuruka. Akajikung'uta suruali.

"Fundi, gari linakunywa."

"Linakunywa nini?"

"Mafuta! Kwani ulidhani chai?"

Bi Spana akanyooka, akafuta mikono kwenye kitambaa. "Nani analiendesha siku hizi?"

"Mimi mwenyewe. Tangu mwezi ule. Funguo nalala nazo chini ya mto, hata mke wangu hajaushika usukani."

"Na linakunywa kiasi gani?"

"Kile kile. Kilomita sita nukta saba kwa lita. Nimejaza tangi mara nne, nimepiga hesabu mara nne."

Bi Spana akakikunja kile kitambaa. Akageuza macho akatazama kwingine.

Namba hiyo aliijua. Miezi minne nyuma, alipokwisha kufunga matairi, mkandarasi alimuuliza yatakula kiasi gani. Zamani pikapu ilikwenda kilomita kumi kwa lita. Bi Spana akamjibu bila kufikiri mara mbili, maana kazi hii ameifanya miaka ishirini na sita: "Matairi haya yatakula mbili. Utabaki na nane. Ukiona chini ya nane, usitafute gari, tafuta mtu." Na mtu aliyekuwa akiendesha Ghorofa wakati huo alikuwa shemeji yake Bi Spana, mume wa mdogo wake wa pekee.

Baada ya mwezi mmoja mkandarasi alikuja gereji asubuhi, saa ya chai, madereva wote wamekaa kwenye magurudumu chakavu na vikombe vyao, akamwekea Bi Spana mezani daftari la safari. Shemeji mtu alikuwa pale pale, amesimama. Bi Spana akachukua kikokotoo. Alikuwa mtu wa kujisifu kwamba gerejini kwake hakuna ndugu, kuna kazi, na siku ile aliona amepata nafasi ya kuwaonyesha watu. Akabonyeza namba. Sita nukta saba. Akabonyeza tena. Sita nukta saba.

"Shemeji, wallahi sijagusa hata tone," yule bwana alisema.

"Namba hazina shemeji," Bi Spana alimjibu, akawageukia madereva ili kila mmoja asikie. "Matairi hayali hivi. Hapa kuna mdomo mwingine."

Madereva walicheka. Mmoja akaiga mtu anayenyonya mpira wa tangi, mashavu ndani, macho nje. Siku hiyo hiyo shemeji alimwaga unga. Sasa alikuwa anabeba mifuko ya saruji kwenye ghala moja nyuma ya soko. Mdogo wake Bi Spana hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake, na wakikutana sokoni alikuwa anavuka upande wa pili kama vile kuna mbwa mkali.

"Bosi," Bi Spana alisema polepole, "wewe unaendesha mwenyewe, funguo uko nazo mwenyewe, na namba haijabadilika. Hukuwaza chochote?"

"Kuwaza nini?"

"Kwamba yule uliyemfukuza hakuiba."

Mkandarasi akafinya midomo, akaangalia saa yake, mkono ukang'aa. "Ah, Fundi, hayo si yamepita? Labda aliiba, labda hakuiba. Hata hivyo alikuwa na maneno mengi, kila siku matairi hivi, matairi vile. Mimi nataka gari lipunguze kunywa."

"Toa matairi."

"Chochote isipokuwa matairi. Nikiyatoa watu watasema nimefilisika."

Bi Spana alimtazama mtu yule, tumbo lake dogo lililobanwa na mkanda wenye kishikizo cha shaba, viatu vyake vya ngozi ya kuiga mamba, akaona kinyaa ambacho hakikuwa na haja ya kufichwa. Akamwambia aache funguo aende, arudi baada ya siku mbili.

Alianzia chini ya gari. Alilala kwenye kipande cha boksi na tochi mdomoni, akapangusa bomba la mafuta kwa kitambaa cheupe kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye injini, inchi kwa inchi, akiomba walau kidogo livuje. Katika maisha yake yote hakuwahi kuombea gari la mteja livuje. Leo aliomba kwa moyo wote, maana bomba likivuja, basi mwizi ni bomba, na yeye Bi Spana atasema: nani angejua? Kitambaa kilitoka na vumbi. Mafuta hakuna.

Akakagua breki, labda zinang'ang'ania magurudumu. Akainua kila gurudumu akalizungusha kwa mkono, likazunguka bila kulalamika. Akatoa chujio la hewa, likamwaga vumbi la kutosha kupanda mche. Hapo moyo ukampanda kidogo. Lakini chujio chafu huongeza funda moja, haliongezi ndoo. Akapima upepo wa matairi. Yote manne yalikuwa laini, yamepungukiwa karibu theluthi. Alimpigia simu mkandarasi.

"Ah, huo niliupunguza mimi," mkandarasi alisema kwa fahari. "Wiki mbili zilizopita. Tairi likiwa na upepo kidogo linatuna ubavuni, linapendeza."

Bi Spana alikata simu bila kuaga. Alilitafuta lile daftari la safari chini ya kiti, akalifungua. Shemeji yake alikuwa ameandika upepo wa matairi kila Jumatatu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali, herufi zimesimama wima. Upepo ulikuwa sawasawa wiki zote, hakuna Jumatatu iliyorukwa. Kwa hiyo sababu haikuwa upepo, na mtu anayeandika upepo wa matairi kila Jumatatu si mtu wa kunyonya tangi. Hilo hata kipofu angeliona, yeye hakuliona kwa sababu siku ile alikuwa akiangalia safu ya lita peke yake.

Basi akafanya kazi aliyolipwa kufanya. Alilifungua bampa la tembo, likahitaji watu watatu kulibeba mpaka ukutani. Akaishusha keria na taa zake sita. Akatoa sanduku la vifaa nyuma, akakuta ndani mna minyororo, koleo mbili, na jiwe. Jiwe la nini, mwenyewe anajua. Akabadilisha chujio, akajaza upepo, akanyoosha magurudumu ya mbele yaliyokuwa yanatazamana kama watu waliogombana. Kila kizito alichokitoa kilimpa nafuu kidogo, nafuu ya mtu anayemvua maiti vito. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kilichojibu swali lake. Vitu vyote vile vilikuwepo tangu mwanzo, na hesabu yake ya nane alikuwa ameipiga akivijua.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, alipanda Ghorofa kwenda kuijaribu.

Hii ilikuwa desturi ya gereji yake tangu siku alipoifungua. Hakuna gari linalotoka bila yeye mwenyewe kuliendesha barabara kuu, kutoka nguzo ya kwanza ya kilomita mpaka nguzo ya kumi na moja, na kurudi. Njiani anasikiliza injini, anasikiliza magurudumu, na anapita nguzo zile akilinganisha na saa ya kilomita kwenye dashibodi. Wateja walimtania kwamba anaiba matembezi ya bure. Yeye hakujali.

Ndani ya Ghorofa kulinuka. Mkandarasi alikuwa ametundika chupa tatu za marashi ya gari yenye harufu ya ndimu ya bandia, na viti alivivisha manyoya ya zambarau yaliyokwishashikana kwa jasho. Bi Spana alishusha vioo vyote viwili. Muuza magazeti wa njia panda akamuona juu kule, akaita kwa sauti: "Jamani, Bi Spana kahamia ghorofani!" Watu wakacheka. Uso ulimwaka, akakanyaga mafuta.

Kwenye gia ya tano injini iliguna tu, inavuta matairi kwa shida. Akarudisha ya nne, ikapumua. Akakumbuka kuliandika hilo, kwamba kwa matairi haya gia ya tano ni ya kuteremkia mlima tu. Kisha akaona nguzo ya kwanza mbele yake, akabonyeza kilomita zirudi sifuri.

Alipofika nguzo ya pili, saa ya kilomita ilisoma sifuri nukta nane.

Alidhani ameona vibaya. Nguzo ya tatu ilimkuta kwenye moja nukta saba. Nguzo ya nne, mbili nukta tano. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaendelea mpaka nguzo ya kumi na moja, akaegesha pembeni, akazima injini. Kilomita kumi za nguzo, zilizopimwa na watu wa barabara, zimechorwa kwa rangi nyeupe na nyeusi. Dashibodi ilisema nane nukta nne.

Hakukuwa na fumbo hapo. Saa ya kilomita haioni barabara, inahesabu mizunguko ya gurudumu, na inadhani gurudumu ni lile dogo la kiwandani. Tairi kubwa linapiga hatua ndefu. Gari linakwenda mbali, saa inaandika karibu. Wanafunzi wa ufundi wanafundishwa hilo mwaka wa kwanza. Bi Spana mwenyewe aliwahi kumfokea fundi mwenzake wa mtaa wa pili mbele ya mteja kwa kosa hilo hilo, akamwita mganga wa kienyeji wa magari.

Na hapa asingeweza kulikosa, kama angefuata desturi yake. Lakini siku alipomaliza kufunga yale matairi, alisimama akaitazama Ghorofa kuanzia juu mpaka chini, akawafikiria watu wa mji watakavyomuona amekaa juu ya uchafu ule, yeye, mtu mzima mwenye heshima zake. Akamtupia mkandarasi funguo. "Chukua, liko tayari," alisema. Lilikuwa gari pekee katika miaka ishirini na sita ambalo hakulijaribu, na hakulijaribu kwa sababu alilionea kinyaa.

Alitoa kikokotoo mfukoni. Akabonyeza mara mbili. Sita nukta saba za dashibodi, kwa barabara halisi, zilikuwa nane kasoro unywele. Ile nane yake. Gari lilikula kile alichosema litakula, na shemeji yake aliandika kile alichokiona, na hakuna tone lililopotea popote duniani.

Akafungua mlango, akainama, na kutoka juu kule akatapika kwenye majani ya pembeni ya barabara.

Mkandarasi alipokuja jioni, Bi Spana alimweleza yote, nguzo kwa nguzo. Alimaliza kwa kumwambia kwamba sasa, baada ya kutoa mizigo na kujaza upepo, na akiacha kuitumia gia ya tano ovyo, atapata kilomita tisa za kweli. Uso wa mkandarasi ulichanua.

"Kwa hiyo matairi hayana kosa!" Akalipiga tairi la mbele makofi, kwa mapenzi. "Si nilisema mimi? Si nilisema?"

"Na dereva wako hana kosa."

"Huyo naye mwambie akitaka arudi, nafasi ipo. Lakini asije akaanza kudai nimuombe radhi, sina muda huo. Bampa langu liko wapi?"

Bi Spana alimwonyesha kwa kidole. Alitamani kumtukana, matusi yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini yalimkwama. Siku ile mkandarasi alileta daftari tu. Hesabu aliipiga Bi Spana. Aliyesema kuna mdomo mwingine alikuwa yeye, na jambo la kumchukiza kuliko yote ni kwamba siku ile aliyasema kwa raha.

Alikwenda kwa mdogo wake bila kubadilisha ovaroli. Mdogo mtu alikuwa sebuleni anashona sare za shule, kitambaa cha bluu kimemwagika mpaka sakafuni. Alimwona dada yake mlangoni, hakusema karibu, wala hakusimamisha cherehani. Shemeji alikuwa uani, anajimwagia maji kutoka kwenye beseni. Saruji ilikuwa imemganda nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo. Alijifuta, akaja, akasimama karibu na mkewe.

Bi Spana alitoa karatasi aliyoijaza hesabu. Akaeleza matairi, akaeleza nguzo, akaeleza saa. Cherehani iliendelea kukatakata muda wote. Alipofika kwenye ile nane, akamnyooshea shemeji karatasi.

"Shemeji, karatasi ya nini?" shemeji aliuliza, wala hakuipokea. "Mimi sikuwa na shaka."

"Amesema nafasi ipo. Unaweza kurudi."

"Kwenye lile dude?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka mgongo. "Hapana. Ghalani wanatafuta dereva wa lori. Wameniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza. Bado sijawajibu."

Mdogo wake akasimamisha cherehani.

"Dada, umeshamwambia nani haya?"

"Bosi wake. Na ninyi."

"Ulipomwita mwizi, ulimwita chumbani?"

"Hapana."

"Ulimwita wapi?"

"Gereji."

"Mbele ya nani?"

Bi Spana akaikunja karatasi yake. Mdogo wake alimtazama sekunde chache, akainamisha kichwa, na cherehani ikaanza tena.

Kesho yake asubuhi, saa ya chai, madereva walikuwa wamekaa kama kawaida yao. Dereva wa lori la mikate alikuwa nyuma kabisa, kwenye ndoo aliyoipindua. Bi Spana alitoka ofisini, akagonga spana kwenye rimu mpaka mazungumzo yakakoma. Ndipo alipomwona mdogo wake kwenye geti, amevaa nguo za kutokea, mkoba umebanwa kwapani. Shemeji hakuja.

Aliongea bila kuzunguka. Alisema saa ya Ghorofa ilikuwa inadanganya, na ilidanganya kwa sababu yeye hakuijaribu. Alisema hakuijaribu kwa kuona haya kuonekana ndani yake. Alisema mafuta yote yaliingia kwenye injini.

"Kumbe shemeji yako hakunyonya?" mmoja aliuliza, yule yule aliyeiga mashavu.

"Hakunyonya."

"Sasa mbona hakukataa?"

"Alikataa," Bi Spana alisema. "Alisimama hapo ulipokaa, akakataa, akaapa. Ninyi mlikuwa mnacheka, na mimi nilikuwa nabonyeza kikokotoo. Si mwizi. Mimi ndiye niliyemzushia."

Hakuna aliyekunywa chai. Bi Spana alishusha pumzi, akadhani amemaliza, akageuka kurudi ofisini.

"Rudia, Dada," mdogo wake alisema kutoka getini. "Yule wa nyuma hakusikia."

Dereva wa lori la mikate alikuwa amesikia kila neno. Kikombe kilikuwa kimemkwama katikati ya njia kuelekea mdomoni. Alitaka kusema hivyo. Alimtazama mwanamke aliyesimama getini, akafunga mdomo.

Bi Spana akaweka spana chini, akapandisha sauti, akaanza upya tangu mwanzo.